Barua kutoka Lewiston: kanisa la wafumaji

Lewiston, Maine

Baba mkubwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi wazima, watoto wanasoma, baridi imeanza kupungua. Msalimie sana Mama mkubwa na wote wa shirika letu huko Bukavu.

Uliniuliza kwenye simu lile kanisa la mawe katika picha ni la nani, na kwa nini wazee wa Kizungu hapa wanatusalimia kwa Kifaransa wakati tuko Marekani. Simu ilikatika, na habari yenyewe ni ndefu, basi nakuandikia.

Wazee wao walikuwa wakulima wa Quebec, Kanada. Mashamba yalikuwa yamegawanywa kwa watoto hadi yakawa hayatoshi, madeni yakawabana. Hapa Lewiston, kando ya mto Androscoggin, viwanda vya kufuma nguo za pamba vilikuwa vinatafuta mikono. Kufika 1874 treni ikawa inawashusha hapa hapa mjini, familia nzima na mabunda yao. Wengi walipanga katika mtaa ulioitwa Petit Canada, nyumba za mbao za ghorofa zilizobanana karibu na mto. Baba, mama, hata watoto wadogo, wote kiwandani.

Walisali kwanza kama wageni kati ya Wakatoliki wa Kiairishi, na mahubiri ya Kiingereza hawakuyaelewa. Mwaka 1870 wakapata parokia yao, ya Mtakatifu Petro. Mwaka uliofuata akaja padri Pierre Hévey, na huyo ndiye ninayempenda kuliko wote katika habari hii. Alijenga kanisa, kisha 1878 akawaleta masista kutoka Saint-Hyacinthe, Quebec. Masista hao walifungua shule, wakatunza yatima, na 1888 wakaanzisha hospitali. Watu wa mshahara mdogo namna ile, Baba mkubwa, na bado sadaka yao ilizaa shule na hospitali! Mapadri Wadominiko waliichukua parokia 1881 wakakaa zaidi ya miaka mia moja.

Sasa lile kanisa la picha. La kwanza lilikuwa limekuwa dogo, wakalibomoa waanze kubwa. Kufika 1906 walikuwa wamemaliza sehemu ya chini tu. Fedha haba, na parokia nyingine mpya zikamegwa humo humo. Basi wakaezeka pale walipofikia, wakasali chini miaka thelathini na zaidi. Fikiria mtoto aliyebatizwa mle chini, akakomunika mle, akafunga ndoa mle, kanisa la juu bado halipo. Lilibarikiwa 1938, baada ya miaka migumu ambayo Marekani yote ililia njaa ya kazi. Ni la mawe ya matale, na minara yake unaiona kabla hujaingia mjini. Mwaka 2004 Roma ikalipa hadhi ya basilika, yaani kanisa la heshima ya pekee, kwa jina la Mitume Petro na Paulo.

Linaloniuma ni lugha. Wazee hao waliamini kwamba anayepoteza lugha yake hupoteza na imani, ndiyo maana shule za parokia zilifundisha nusu ya siku kwa Kifaransa na nusu kwa Kiingereza. Lakini 1919 jimbo la Maine lilitunga sheria kwamba masomo ya kawaida yafundishwe kwa Kiingereza. Miaka ya 1920 Ku Klux Klan, lile kundi la Wazungu wenye chuki, ikapata nguvu hapa, ikiwaandama Wakatoliki na wasema Kifaransa. Sheria ilifutwa miaka ya 1960, lakini aibu ilikuwa imeshaingia nyumbani. Wazazi wengi wakaacha kuwasemesha watoto lugha yao. Gazeti lao, Le Messager, lililoanza 1880, likafa 1966. Leo mjukuu ana jina la Kifaransa na hawezi kusalimia bibi yake kwa lugha hiyo.

Halafu tukaja sisi: Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, na kabla yetu Wasomali. Tunapanga katika mitaa ile ile ya wafumaji. Bibi mmoja alinisikia nikiongea Kifaransa dukani, akanishika mkono, akalia. Alisema tangu mume wake afe hana wa kuongea naye. Sasa hupita kwetu, na watoto wangu humjibu kwa Kifaransa. Kati yetu nyumbani ni Kiswahili, na hapo sitalegeza. Ninajua shule itawapa Kiingereza bila mimi.

Nina ombi. Habari hizi nimezipata kwa sababu kuna watu waliziandika. Ya parokia yetu huko iko kichwani mwako na mwa wazee wenzako wachache: nani walibeba matofali, makatekista wa kwanza ni akina nani, Misa ilisomwa wapi kabla ya kanisa. Mwite mtoto wa dada, umsimulie, yeye aandike kwenye daftari. Nitatuma pesa ya daftari na ya soda. Akimaliza apige picha kila ukurasa anitumie.

Mwanao,
wa Lewiston