Wazazi, msimwite mtoto kwa divisheni yake

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wazazi wenzangu, hasa wa hapa Tanga. Mimi ni fundi baiskeli wa Ngamiani tangu mwaka 1986. Mji wetu ni tambarare na baiskeli ni nyingi, kwa hiyo kibandani kwangu hupita watu wa kila aina, na wanavyowasema watoto wao nayasikia.

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, mpwa wangu alipata divisheni ziro. Siku hizi matokeo yako kwenye simu. Mwenye namba ya mtihani ya mwanao anaweza kuyaona kabla yako. Adhuhuri majirani wa Makorora walikuwa wameshajua. Jioni shemeji yangu akasema mbele ya wageni: "Nimemsomesha miaka minne, kaniletea yai." Hilo ndilo likawa jina lake. Hata wadogo zake walimwita Yai.

Dada yangu alimleta kwangu mwezi Machi. Nikimuuliza jambo, "Sijui, mjomba" ilitoka kabla sijamaliza swali. Nikimtuma dukani alipita vichochoroni asikutane na waliosoma naye. Mtu anaweza kudhani ni uvivu. Mimi niliijua hali ile, kwa sababu niliwahi kuwa nayo.

Nilimaliza darasa la saba mwaka 1984. Baada ya Azimio la Musoma la 1974 watoto wengi tuliingizwa shule za msingi, lakini nafasi za sekondari zilibaki chache mno. Asiyechaguliwa aliambiwa amefeli, hata kama alifaulu na nafasi ndiyo iliyokosekana. Nililibeba neno hilo miaka mingi. Hadi nina watoto wawili nilikuwa naogopa kusimama kwenye mkutano wa mtaa, nikiamini kuna watu wa kusema na watu wa kusikiliza tu.

Basi kijana nikampa kazi. Si kufagia, nilimpa gurudumu la muuza samaki wa Deep Sea, soko letu la samaki. Baiskeli za samaki spoku zake huliwa haraka, maji ya chumvi yanazidondokea kutoka kwenye tenga. Ringi ikiyumba hukazi tu ovyo. Unakaza spoku ya upande huu kidogo, unalegeza ya upande wa pili, unazungusha, unatazama, unarudia. Mara ya kwanza alizidisha kuyumba. Sikumwambia "hongera, umejitahidi", maana macho alikuwa nayo na angejua ni uongo. Nilimwambia, "Umekaza upande wa kulia peke yake. Legeza hizi tatu." Saa kumi jioni gurudumu lilizunguka bila kugusa breki. Alilizungusha tena na tena, hata nilipofunga kibanda.

Wiki ya tatu niliteleza mwenyewe. Alitoboa tyubu mpya kwa spana akivalisha tairi, nami nikamfokea mbele ya mteja: "Ndiyo maana ulifeli." Siku mbili hakunena. Mteja aliporudi nilimwomba kijana radhi palepale, mteja akisikia, kwa kuwa aibu nilimpa hadharani. Wapo walioniambia mtu mzima haombi radhi kwa mtoto. Sikubaliani nao hata kidogo.

Mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule na watahiniwa kumi bora. Nililifurahia sana jambo lile. Lakini nyumbani tumeendelea kutangaza wa mwisho, kila siku, wakati wa kula. Mtihani unaweza kurudiwa, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi ambao mtu ameupatia kazini. Ila mtoto aliyeambiwa asubuhi na jioni kwamba yeye ni yai hataiendea milango hiyo, hata ikiwa wazi. Mkosoeni kwa alichokosea, mkitaje wazi, kisha mpeni kitu cha kushika ambacho kikiharibika kitamuuma na kikitengemaa atakiona.

Sasa muuza samaki akifika anauliza, "Fundi kijana yupo?" Asipokuwepo husubiri. Mwenyewe ameniomba ruhusa ya kuondoka saa tisa akasome, anataka kurisiti Hisabati na Kiswahili kwanza. Vichochoro ameacha.

Kilichobaki ni baba yake. Shemeji yangu hupita mbele ya kibanda changu karibu kila siku akienda kazini, na gurudumu lake la nyuma linayumba; nasikia linavyosugua breki. Hajawahi kusimama. Namwomba kupitia gazeti hili asimame, na aje siku ambayo mimi sipo, ampe mwanawe alinyooshe.

Fundi baiskeli,
Ngamiani, Tanga