Mafundi kompyuta, toeni mafaili yetu kwanza ndo mpige windo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongee na mafundi kompyuta wa hapa Dodoma, na sisi wateja wao pia, mana jambo hili linaumiza familia nyingi na watu wanaliugulia ndani kwa ndani. Kompyuta ya nyumbani ikijipiga apdeti ikashindwa kuwaka, kwa mafundi wengi dawa ni moja tu, kupiga windo, yani kufuta na kuweka Windows upya. Hakuna kukagua wala kuuliza ndani kuna nini, flashi inachomekwa, diski inafutwa, mteja analipa sh 20,000 anarudi nyumbani na mashine inawaka vizuri kabisa ila tupu. Mimi hiyo siiti kutengeneza.

Nitasema lililotukuta. Sisi ni kikundi cha akina mama wa Nzuguni, tunaweka hisa na kukopeshana, na leja yetu yote mhazini alikuwa anaitunza kwenye kompyuta ya mezani nyumbani kwake, hiyohiyo watoto wake wanafanyia homuweki na baba yao ameweka picha za familia, pamoja na za mazishi ya mzee wao kule Kondoa. Jioni moja mashine ikaanza apdeti yenyewe, ikaandika isizimwe, wakaiacha. Asubuhi ikawa inazungusha vile vidoti, inajizima, inawaka, inarudi palepale, basi akaibeba mjini na mimi nikamsindikiza.

Fundi aliitazama dakika chache tu akasema, "Mama hii windo imekufa, napiga mpya." Mwenzangu akamuuliza, "Sawa mwanangu, na vitu vyangu je?" Akajibu kwamba vilivyopo D vitabaki, vya C ndo vinaondoka. Jamani, mama wa watu atajuaje kwamba C na D ni mafungu mawili ya diski ya kompyuta? Yeye siku zote anaseivu pale mezani kwenye skrini au kwenye Documents, na hizo zote kawaida ziko C! Fundi analijua hilo vizuri, ni kazi yake kulijua, lakini hakulisema, akaendelea. Mashine ikawaka, ikapendeza, leja haipo, picha za mzee hazipo. Tukaishia kukaa barazani kila mtu na simu yake, tunapandisha meseji za miamala ya zamani moja moja kujua nani alilipa nini mwezi gani, na wapo waliokuwa wanalipa keshi ambao hawana meseji, na hapo ndo maneno yakaanza kati ya watu waliokuwa wanaaminiana.

Sasa kinachoniuma ni kwamba apdeti ikigoma, mara nyingi mafaili yanakuwa yapo salama tu ndani ya diski, kilichoharibika ni mfumo wa kuwashia. Nimelijua hili kwa kijana mmoja wa chuo, jirani yetu, tatizo kama hilohilo lilipotokea kwenye kompyuta ya kwangu baadaye. Alifanya mbele ya macho yangu. Aliwasha, vidoti vilipoanza kuzunguka akaizima kwa kushikilia kitufe, akarudia tena, iliyofuata ikaleta yenyewe ukurasa wa bluu wa matengenezo. Akaingia Troubleshoot, akaingia Advanced options, akachagua Uninstall Updates, akatoa ile apdeti ya mwisho. Ikazunguka weee mpaka nikakata tamaa, halafu ikawaka, kila kitu kipo, hata yale mafaili ya mtoto aliyoyaacha juu ya skrini. Hakutumia flashi ya windo kabisa.

Na alinieleza kwamba hata kama hiyo njia ingegoma, bado kulikuwa na nyingine. Kuna Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, unaiweka kwenye flashi, unawashia kompyuta kwa hiyo flashi bila kugusa kitu kwenye diski, unakopi mafaili yako kwenda eksitenali, yani diski ya nje. Au unafungua mashine unatoa diski unaichomeka kwenye kompyuta nyingine kwa ile waya yake ya USB. Fundi yeyote mwenye meza mjini vifaa hivi anavyo au anaweza kuazima duka la pili! Ila ukishafuta diski na kuandika mfumo mpya juu yake, kuyapata tena ni kubahatisha, na kama ni hizi SSD, diski za kasi za siku hizi, matumaini yanakuwa madogo zaidi kwa sababu zenyewe zinasafisha kilichofutwa.

Wapo watakaosema huyu mama anaongelea vitu vidogo vya nyumbani. Tukumbuke tarehe 19 Julai 2024. CrowdStrike, kampuni ya Marekani ya ulinzi wa kompyuta, ilituma apdeti mbovu, Microsoft wakakadiria kompyuta milioni 8.5 zenye Windows ziliathirika, ndege zikakwama, hospitali na benki zikasimama, skrini za bluu kila mahali. Dawa iliyotangazwa ilikuwa kuwasha kwa sefu modi, yani Windows ikiwa na vitu vya lazima tu, kwenda kwenye folda yao, kufuta faili moja bovu, kurestati. Faili moja! Sasa yule mhazini wetu na leja yake ya hisa kwanini yeye ndo afutiwe kila kitu?

Na sitetei makampuni yanayotengeneza hizi apdeti, yana lawama yao. Oktoba 2018 apdeti kubwa ya Windows 10 ilifuta mafaili ya baadhi ya watu kwenye Documents na kwenye picha, Microsoft wakaisimamisha ndani ya siku chache wakairudisha Novemba. Lakini angalia walichowaambia waliopoteza, waitumie hiyo kompyuta kidogo iwezekanavyo na wawasiliane nao. Yani hata pale apdeti yenyewe ndo imefuta, ushauri ni kuacha kuandika vitu juu ya diski, wakati huku kwetu cha kwanza ndo kuandika mfumo mzima.

Kwa wenzangu wa majumbani niseme machache. Apdeti za kila mwezi za Windows hutoka Jumanne ya pili ya mwezi, kwetu inakuwa usiku saa mbili au saa tatu kutegemea majira ya kule Marekani, na kwenye setingi kuna sehemu ya kuzisimamisha hadi wiki tano. Sisemi mzizime moja kwa moja, hapana, zinaziba matundu ya wezi wa mtandaoni, ila kama mtoto anamalizia ripoti ya fildi au mnakaribia kugawana hisa, zisogezeni mbele mpaka mkopi vitu vyenu pembeni. Pia kuna mashine zimefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows linalofunga diski nzima, na mwenyewe hajui, apdeti ikikorofisha inakuomba ufunguo wa tarakimu 48, na bila huo ufunguo hata fundi mwenye nia njema hawezi kukutolea kitu. Uangalieni leo kwenye akaunti yenu ya Microsoft, muuandike kwenye daftari la nyumbani. Na mkienda kwa fundi msiseme "nitengenezee" mkaondoka kununua mboga, kaeni pale, semeni wazi kwamba mafaili kwanza.

Mafundi nao najua wanabanwa, meza ina foleni, kodi ya fremu inasubiri, na kupiga windo ni haraka kuliko kukaa unahangaika na kompyuta ya mtu mmoja nusu siku. Basi semeni bei. Kama kutoa mafaili ni sh 10,000 zaidi niambie, nitalipa, na nina hakika mama yeyote aliyeweka picha za marehemu wake humo atalipa bila kubishana. Kinachokera ni kuamuliwa bila kuulizwa.

Ombi langu kwako Mhariri ni kwamba ukurasa wenu wa teknolojia utoe hatua hizi kwa Kiswahili, na picha ya ule ukurasa wa bluu, ili mtu aukate abandike ukutani. VETA na vyuo vinavyofundisha ufundi kompyuta naomba waliweke kwenye somo, mwanafunzi asifike kwenye kupiga windo kabla hajaonyesha anaweza kutoa apdeti na kuokoa mafaili. Na mafundi wa hapa mjini, kwenye zile risiti zenu ongezeni mstari mmoja tu, mafaili yametolewa, ndiyo au hapana, mteja asaini hapo kabla flashi haijachomekwa.

Msomaji wenu,
Nzuguni, Dodoma