Tuzo ziwafikie wanaohudumia watu wenye ulemavu vijijini

Ndugu Mhariri,

Disemba 3, Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu, huku Masasi hutukuta kwenye msimu wa korosho. Naomba mwaka huu halmashauri za Mtwara na Lindi ziitumie siku hiyo kuwatunuku wanaowahudumia na kuwatetea watu wenye ulemavu.

Binti yangu ni kiziwi. Tulipompeleka zahanati akiwa na homa, nesi mmoja alimuuliza kwa lugha ya alama anaumwa wapi. Alijifunza mwenyewe, jioni, baada ya zamu. Mwanangu alitabasamu, maana siku zote huulizwa mimi kana kwamba yeye hayupo! Nesi yule hajawahi kupewa hata cheti. Wako pia mafundi wa kuchomelea wanaotengeneza baiskeli za miguu mitatu, na wanaopita ofisi hadi ofisi kufuatilia ile asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri iliyotengwa kuwakopesha watu wenye ulemavu.

Waajiri nao wapimwe. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwenye wafanyakazi 20 au zaidi aajiri watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Anayetimiza atajwe hadharani.

Ila washindi wachaguliwe na watu wenye ulemavu wenyewe, na ukumbini awepo mkalimani wa lugha ya alama. Binti yangu anataka kujua kila kinachosemwa.

Mama wa mtoto kiziwi,
Masasi, Mtwara