Kompyuta iliyogoma baada ya kuongezwa kasi isihukumiwe kufa

Kwa Mhariri,

Kompyuta ya mezani ikigoma kuwaka baada ya mwenyewe kuiongeza kasi, hukumu inayotolewa kwenye vibanda vingi vya mafundi hapa Kampala ni moja: bodi (sahani kuu inayobeba vipande vyote) imeungua, nunua nyingine. Mara nyingi hukumu hiyo si ya haki. Bodi ni nzima, prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ni nzima, na kilichoikwamisha mashine ni namba zilizowekwa vibaya katika kumbukumbu ndogo ya mipangilio iliyomo ndani ya bodi. Kuzifuta namba hizo hakuhitaji kipuri chochote. Naandika kwa sababu wanaoumia ni watu wanaokula kwa mashine hizo: wahariri wa video za harusi, wachapaji wa Nasser Road, wanafunzi wa usanifu majengo.

Kwanza ieleweke kwa nini inagoma. Prosesa nyingi zina mdundo wa msingi wa MHz 100 unaozidishwa kwa namba fulani. Ukizidisha kwa 45 unapata GHz 4.5, mwenye haraka anaruka hadi 50 kwa mkupuo. Kasi ikipanda bila volti kutosha, transista, swichi ndogo mno ndani ya prosesa, hazimalizi kugeuka kabla mdundo unaofuata haujafika, hesabu inaharibika tangu mwanzo, na kompyuta inakwama kabla haijatoa picha. Bodi imeshaihifadhi namba ile, kwa hiyo kila ukiwasha inarudia kosa lile lile. RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, nayo ni mkosaji mkubwa, pengine kuliko prosesa. Ukiwasha XMP (mpangilio uliotayarishwa wa kuongeza kasi ya RAM) kwenye BIOS, programu ya mipangilio iliyomo ndani ya bodi, RAM ya kizazi cha DDR4 hupanda kutoka volti 1.2 hadi 1.35 kwa kawaida, na si kila prosesa inaihimili kasi iliyoandikwa kwenye boksi, hasa vipande vinne vikikaa pamoja.

Kabla ya kushika bisibisi, tazama na usikilize. Ikiwa hakuna feni inayozunguka wala taa inayowaka, tatizo ni la umeme, si la kasi. Zima swichi ya nyuma ya pawa saplai, subiri dakika moja ili kinga yake ijifungue, kisha jaribu tena kwenye soketi nyingine. Hakikisha ile nyaya ya pini nane inayokwenda karibu na prosesa imekaa hadi mwisho. Pawa saplai ndogo za kompyuta zilizotumika maofisini hazikuundwa kulisha prosesa iliyoongezwa kasi na kadi kubwa ya picha kwa wakati mmoja. Mwenye mita apime: laini ya volti 12 isishuke chini ya 11.4 wala kupita 12.6.

Feni zikizunguka lakini kioo ni cheusi, hapo ndipo penye kazi. Bodi nyingi za sasa zina taa nne ndogo pembeni zilizoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT. Ile inayobaki ikiwaka ndiyo inayosema imekwama wapi. Mashine ikijizima na kujiwasha yenyewe mara mbili tatu, iache. Bodi nyingi zikishindwa mara kadhaa hurudi zenyewe kwenye mipangilio salama. Anayebonyeza swichi kila sekunde tano anaikatiza kabla haijafika huko.

Isipojirudi, futa mipangilio kwa mkono. Chomoa waya wa umeme ukutani, si kuzima swichi tu. Bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15 ili umeme uliobaki kwenye kapasita uishe. Gusa chuma kitupu cha kasha ili umeme tuli utoke mwilini. Sasa tafuta pini mbili zilizoandikwa CLR_CMOS. Kwenye bodi za ASUS huandikwa CLRTC, na kwenye za MSI JBAT1. Ziunganishe kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde kumi. Soma maandishi kwenye bodi kwa tochi kabla hujagusa, maana pini za USB au za feni ziko karibu na zinafanana nazo. Usipoziona, toa betri ya mviringo ya CR2032 kwa dakika kumi, kisha uirudishe, upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu. Mara nyingi betri hujificha chini ya kadi ya picha. Kadi hiyo ina kibano mwishoni mwa sloti, na asiyekibonyeza huvunja sloti. Betri ikipimwa na kuonyesha chini ya volti 2.8, weka mpya. Mafundi saa wanaziuza.

Baada ya kufuta, subira. Bodi yenye DDR5 inaweza kukaa dakika kadhaa na kioo cheusi ikijifunza upya RAM yake, na za AMD zenye soketi ya AM5 ndizo zinazojulikana zaidi kwa jambo hili. Wengi huzima katikati wakidhani imeshindikana, na kazi inaanza upya. Ipe dakika kumi kamili kabla ya kusema neno.

Bado hakuna picha? Toa RAM zote, rudisha kipande kimoja kwenye sloti ya pili kutoka kwenye prosesa, ambayo bodi nyingi zenye sloti nne huiita A2. Ukishindwa, jaribu kipande kingine. Vumbi letu jekundu huingia mpaka kwenye sloti za RAM, kwa hiyo futa meno ya RAM kwa kitambaa kisichoacha nyuzi chenye spiriti safi, uache ikauke. Hakikisha pia waya wa kioo umechomekwa kwenye kadi ya picha: prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni haziwezi kutoa picha zenyewe, na tundu la HDMI la kwenye bodi halitatoa kitu hata ukeshe.

Kuna mtego mwingine ambao mafundi wengi hawaujui, nao ndio unaowafanya waseme hata diski imekufa. Ukifuta mipangilio, bodi husahau mengine yote pia. RAID na AHCI ni njia mbili za bodi kuwasiliana na diski. Kama Windows iliwekwa diski ikiwa katika hali ya RAID, na bodi imerudi kwenye AHCI, utapata skrini ya bluu yenye maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Diski ni salama. Rudisha hali ya zamani kwenye BIOS. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows, huenda Windows ikadai ufunguo wa tarakimu 48, ambao kwa kawaida umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Fundi anayeipangusa diski hiyo na kuweka Windows mpya bila kuuliza amefuta kazi ya mtu, na hilo haliwezi kurudishwa kwa pesa. Tarehe nayo hurudi nyuma miaka, na tovuti nyingi hukataa kufunguka mpaka irekebishwe.

Windows ikiwaka lakini inakatika-katika, faili zake huenda ziliharibika wakati RAM ilipokuwa ikikosea. Pima RAM kwa programu ya MemTest86 kutoka kwenye flashi, mizunguko minne bila kosa hata moja, ndipo uendeshe amri ya sfc /scannow, inayotengeneza faili za Windows. Kutengeneza faili kwa RAM inayokosea ni kuharibu zaidi.

Kuandika upya BIOS kuwe hatua ya mwisho. Bodi zenye kitufe cha Flashback nyuma huweza kufanya hivyo bila hata prosesa, kwa flashi iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32 yenye faili iliyopewa jina linaloelekezwa na kitabu cha bodi. Lakini umeme ukikatika katikati, bodi iliyokuwa nzima inaweza kufa kweli. Katika nchi ambayo umeme unaondoka bila taarifa, bila UPS, betri ya akiba ya umeme, usiithubutu kazi hii.

Sisemi hakuna kinachoungua. Volti zikizidi, uharibifu ni wa kudumu. Mwaka 2023 prosesa kadhaa za Ryzen 7000 ziliungua kwenye soketi, na AMD ikaweka kikomo cha volti 1.3 kwa sehemu iitwayo SoC. Mwaka 2024 Intel nayo ilikiri kwamba prosesa zake za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zikidai volti kupita kiasi, ikatoa marekebisho kupitia BIOS na kuongeza dhamana kwa miaka miwili. Lakini kuungua kuna dalili zake: harufu, doa jeusi, pini zilizopinda, au mashine kushindwa hata kwa prosesa nyingine inayojulikana kuwa nzima. Fundi azionyeshe dalili hizo kwa mteja.

Kwa wanaotaka kujaribu tena, acheni kunakili namba za kwenye video za ng'ambo. Hakuna prosesa mbili zinazolingana hata zikiwa za jina moja, na chumba cha yule anayerekodi si duka la bati la Kampala mchana wa Februari. Tena tupo kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya pwani, kwa hiyo feni ile ile inapoza pungufu kidogo. Panda hatua moja ya MHz 100, pima kwa nusu saa, tazama joto lisipite nyuzi 85, ndipo uende nyingine. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, prosesa leo na RAM kesho. Piga picha za kurasa za BIOS kwa simu kabla hujagusa chochote.

Ombi langu kwa mafundi wenzangu ni hili: mteja akileta mashine, mfutieni mipangilio mbele ya macho yake kabla ya kutaja bei ya bodi. Na ninyi wateja, mkiuziwa bodi mpya, ombeni ile ya zamani mkononi. Ni mali yenu, na fundi mwingine anaweza kuipima.

Fundi kompyuta,
Wandegeya, Kampala