Shangazi, baba watoto asema ratiba yangu ya Poland ni jela

Shangazi, shikamoo.

Nimeswali alfajiri bila kupata hata lepe la usingizi, nikaona heri nikuandikie kabla watoto hawajaamka. Ni safari yetu ya Poland: mimi, baba watoto, watoto wawili, mama mkwe na wifi. Ratiba nimeipanga mimi, na wifi haitaki.

Baba watoto ameandika kwenye grupu la familia, mama mkwe akisoma, mashemeji wote wakisoma: "Tunaenda likizo, hatuendi jela." Wifi akatia vicheko vitatu. Mama mkwe hakusema kitu, na kunyamaza kwake unakujua.

Basi nihukumu wewe. Siku nne Wrocław, mwezi wa saba. Niliuchagua mji huo kwa sababu kutoka hapa Berlin kuna treni ya moja kwa moja, saa nne na kitu, hakuna kushuka njiani. Mwenye mtoto wa miaka sita na mwingine ambaye hajatimiza mitatu anajua maana ya kubadilisha treni na kigari mkononi. Siku ya kwanza ni kutafuta sanamu za vijitu vya shaba nyeusi tu, krasnale wanavyoviita. Viko mamia mjini, vingi havifiki gotini kwa mtu mzima, vimewekwa kwenye pembe za nyumba, chini ya madirisha, mpaka juu ya nguzo za taa. Kwenye barabara ya Świdnicka kuna viwili vinasukuma jiwe moja la duara, huyu huku na yule huku, na jiwe haliendi popote. Kile kikubwa cha kwanza kiliwekwa barabara hiyo hiyo mwaka 2001, kuwakumbuka vijana wa miaka ya 1980 waliokuwa wakichora vijitu kama hivyo pale serikali ilipofuta maandishi ya kuipinga kwa rangi ukutani. Hayo baba yao angewaeleza watoto vizuri kuliko mimi.

Nimeandika: vijitu kumi asubuhi, basi. Ati wifi anauliza kwa nini kumi. Kwa sababu mtoto mdogo hachuchumai mara moja akaondoka, Shangazi. Anakishika kofia, anakipapasa pua, anataka kukilisha biskuti. Kumi ni saa mbili nzima. Ukiacha bila idadi, adhuhuri inawakuta wote wanalia, mko mbali na choo, na barabara za mawe pale mjini zimekwisha kukwamisha magurudumu ya kigari. Kigari cha magurudumu madogo kiachwe nyumbani. Na vyoo nimeandika pia, nikachekwa: mlangoni mara nyingi hakuna neno, kuna alama tu, pembetatu ni wanaume na duara ni wanawake, na uwe na sarafu za zloti mfukoni. Mtoto aliyebanwa hana muda wa kubahatisha. Hiyo ndiyo jela?

Siku ya pili ni bustani ya wanyama. Ipo tangu 1865, na ndani yake kuna Afrykarium, jengo la wanyama wa majini wa Afrika lililofunguliwa 2014: samaki wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Malawi, viboko, nguva, halafu handaki la kioo la mita 18 ambamo papa na samaki aina ya taa wanakupitia juu ya kichwa. Wameiga mlango wa bahari wa Msumbiji, bahari yetu ile ile ukishuka kusini. Hapo nilimfikiria mama mkwe, wallahi. Angewatajia wajukuu wale samaki kwa majina. Ila lazima mfike lango linapofunguliwa, mwende Afrykarium kwanza, wanyama wa nje baadaye, maana ikishakaribia adhuhuri handaki linajaa vigari, hupiti. Tena ndani ni joto la mvuke, watoto wavae nguo za kuvua moja moja. Ng'ambo ya barabara kuna ukumbi mkubwa wa Hala Stulecia wa 1913, na kando yake chemchemi ya maji yanayocheza muziki, haina kiingilio, mtoto mdogo anapata kulala kwenye kigari chini ya miti. Saa ya kulala nayo nimeiandika. Hilo ndilo baba yao alilolishika kuliko yote, ati hata usingizi una kengele.

Tramu sasa. Tikiti unalipia kwa kadi ya benki kwenye mashine ndani ya tramu, na karatasi haitoki, tikiti inabaki kwenye kadi. Mkaguzi akija unagusisha ile ile uliyolipia. Ukilipa kwa simu kisha ukatoa kadi, kwake hujalipa, hata kama akaunti ni moja. Ndiyo maana nilisema mtu mmoja alipie wote. Wifi akasoma hapo ati nataka kushika pesa za watu.

Chakula ndicho kinachoniuma kwa sababu hapo sibishani kwa ukaidi. Pierogi ruskie ndani ni viazi na jibini laini, ukiisoma orodha huoni nyama, lakini jikoni nyingi wanamwagia juu skwarki, vipande vya mafuta ya nguruwe vilivyokaangwa. Lazima useme mapema, bez skwarków. Chapati za viazi uulize zimekaangwa kwa mafuta gani, wakisema smalec ni nguruwe. Supu ya żurek ina soseji. Gołąbki, ile kabeji iliyofungwa wali na nyama, nyama yake kwa kawaida ni nguruwe. Watoto watashiba kwa naleśniki, zile chapati za maji, za jibini, na samaki. Na Jumapili nyingi maduka makubwa yanafungwa kwa sheria iliyoanza 2018, kwa hiyo maziwa na nepi zinunuliwe Jumamosi. Wifi anasema watoto watakula watakachokikuta. Baba yao akamwekea dole gumba! Yeye ndiye aliyenioa kwa kuwa mwangalifu, aliniambia mwenyewe.

Wifi anataka Kraków. Sikatai, Kraków ni nzuri, lakini sikiliza anachotaka: siku moja, kwenda na kurudi, mgodi wa chumvi wa Wieliczka asubuhi na Auschwitz, iliyokuwa kambi ya mauaji ya Wanazi, mchana. Kutoka Wrocław mpaka Kraków treni tu ni saa tatu na zaidi. Wieliczka iko kusini-mashariki mwa Kraków, Auschwitz iko magharibi, kilomita 60 na ushee. Mgodini unaanza kwa kushuka ngazi 380 za mbao, na magoti ya mama mkwe unayajua. Mtoto mdogo atabebwa saa mbili mpaka tatu chini ya ardhi, nyuzi 17 au 18, akiwa na fulana ya mwezi wa saba. Auschwitz wenyewe wanashauri watoto wasiotimiza miaka 14 wasipelekwe, na mtoto wa miaka sita atauliza kila kitu kwa sauti. Niliyaandika haya kwa adabu, kwa hesabu. Jibu likawa jela. Mbele ya mama mkwe.

Hata pasipoti. Wifi anasema ziachwe Berlin zisipotee, ati Ulaya hakuna mipaka. Ujerumani ilirudisha ukaguzi kwenye mpaka wake na Poland Oktoba 2023, na Poland ikarudisha wa kwake Julai 2025. Viza yake ya Ujerumani inamruhusu kuingia Poland, lakini aionyeshe! Na watoto kila mmoja na pasipoti yake na kadi yake ya ukaazi. Tukishushwa treni, nani atabaki kituoni na mama mkwe?

Simtaki wifi kwenye safari hii, Shangazi, naomba nisifichefiche. Ila nikisema asije, mikono inapungua. Tramu za zamani zina ngazi, mmoja ashike kigari mbele, mmoja nyuma, na huyu wa miaka sita amshike nani? Watoto wanampenda. Nami sisemi hafai.

Nimewaza niwaachie ratiba yote wapange wao, mimi nifuate tu. Halafu nawaza niende na watoto peke yangu, baba yao aniandikie barua ya idhini. Sijui hata kama yeye ndiye aniombe radhi au mimi ndiye nimuombe, maana aliniudhi mbele ya watu naye anasema nilimuaibisha kwa kumjibu mbele ya watu. Nilimjibu mara moja tu. Niliandika, "Basi panga wewe." Tangu juzi hajapanga, hajaongea.

Fleti naweza kuifuta bila malipo hadi Alhamisi saa sita usiku, baada ya hapo pesa imekwenda. Nijibu kabla ya hapo tafadhali. Vitanda nimeshavigawa, mama mkwe karibu na choo, wifi karibu na dirisha kwa sababu hawezi kulala kwenye joto.

Mama wawili, Berlin