Makala ya kuvuka kwenda kisiwani yameacha saa ya kurudi

Mhariri,

Nimeyasoma kwa furaha makala yenu kuhusu kuvuka kwa miguu hadi kisiwa kinachoungana na nchi kavu maji yanapokupwa. Sina ubishi na sifa mlizoyamwagia matembezi hayo, kwa kuwa nami nimeyafanya mara kadhaa na ningali nayapenda. Kilichonisukuma kuandika ni sentensi moja tu, ile isemayo kwamba siku bora ni ya bamvua, yaani siku ambazo maji hupanda na kushuka kuliko kawaida, kwani maji hutoka mbali kabisa na mvukaji hana haja ya kuharakisha. Sehemu ya kwanza ni kweli, ila hiyo ya pili inaweza kumzamisha mtu, na ndiyo ninayoomba mwirekebishe.

Bahari hutumia takriban saa 6 na dakika 12 kupanda kutoka kupwa hadi kujaa, iwe ni siku ya bamvua au ya maji mafu, yale yanayopanda na kushuka kidogo tu. Kinachobadilika ni kimo. Siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kupevuka, maji hushuka sana na kisha hupanda sana, yote hayo ndani ya saa zile zile, kwa hiyo kadiri yanavyokupwa mbali ndivyo yanavyorudi kwa kasi. Tena hayapandi kwa mwendo mmoja. Mabaharia hukigawa kimo hicho mafungu 12: saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu na ya nne 3 kila moja, ya tano 2, na ya sita 1. Ikiwa tofauti ya kupwa na kujaa ni mita 4, basi katika saa ya tatu peke yake maji hupanda mita 1 nzima, ilhali siku ya maji mafu yenye tofauti ya mita 1.5, saa hiyo hiyo haifikishi sentimita 40. Anayeitazama saa ya kwanza na kuuona upole wake hudhani kwamba zinazofuata zitakuwa vivyo hivyo.

Nilidhani hivyo mimi mwenyewe. Nilikuwa nimekaa kwenye mwamba wa kisiwa, nikiutazama mwani katika kijito chembamba kilichopita mchangani. Nilipofika, ncha zake zote zilielekea baharini. Baadaye ukalegea, ukawa hauelekei popote. Kisha polepole ukageukia nchi kavu. Hiyo ndiyo ilikuwa ishara ya kuondoka, na kwa kweli hata ilikuwa imechelewa, nami nikaiona kama kitu cha kupendeza tu. Nilipoanza kurudi, mchanga niliokuwa nikiukanyaga ulikuwa mkavu, ukiwa bado na mikunjo yake, kumbe sehemu ya chini kabisa ya njia ilikuwa mbele yangu, karibu na ufuo nilikotoka. Mfereji niliouvuka asubuhi ukinifika kwenye kifundo cha mguu sasa ulinifika kiunoni, na mkondo ulinisukuma ubavuni kwa nguvu hata kila nilipoinua mguu mmoja, mchanga ulichimbika chini ya ule mwingine.

Kwingine jambo hili limeshughulikiwa. Huko Lindisfarne, Uingereza, wageni hupewa jedwali la saa salama za kuvuka, si saa ya kupwa peke yake, na njiani vipo vibanda vya kukimbilia vilivyoinuliwa juu ya nguzo. Katika Passage du Gois, barabara ya zaidi ya kilomita 4 iendayo kisiwa cha Noirmoutier nchini Ufaransa, wavukaji hushauriwa wasitoke nje ya saa moja na nusu kabla na saa moja na nusu baada ya maji kupwa kabisa, na ipo minara ya kupanda kwa aliyechelewa. Hata hivyo bado wapo wanaonaswa. Basi msomaji aliyeambiwa tu aende bamvua ana kinga gani?

Ninaomba makala yenu yajayo ya namna hii yataje saa ya kupwa kabisa, kimo cha maji, na saa ambayo mvukaji anapaswa awe ameshaanza kurudi, ambayo kwa maoni yangu ni kabla maji hayajageuka. Saa hizo ziandikwe wazi kama ni za asubuhi au za jioni, kwa kuwa anayekuta 10:00 kwenye jedwali anaweza kuisoma saa kumi badala ya saa nne. Mtaje pia kwamba jedwali ni makadirio: upepo unaovuma kutoka baharini, au shinikizo la hewa likishuka, hupandisha maji juu ya kimo kilichoandikwa, na siku kama hiyo ni afadhali safari iahirishwe.

Kwa kuwa bamvua hurudi kila baada ya wiki mbili hivi, nitashukuru ikiwa masahihisho yatachapishwa kabla ya ile ijayo.

Wenu,
Msomaji