Mwanangu, chukua ya chuo

Asalaam alaykum mwanangu. Meseji yako nimeisoma jana baada ya isha nikaona hii haijibiki kwa voisi, wacha niandike, na usinicheke, hii simu inajiandikia mambo yake yenyewe.

Umeuliza uende mradi wa ukimwi wenye mshahara mnono au ukasomeshe na kutafiti SUZA, chuo kikuu chetu cha taifa hapa Zanzibar. Mie nasema chuo. Ya Januari 2025 umeyaona, Marekani waliposimamisha pesa za misaada watu wa miradi walirudi majumbani na mikataba yao mkononi.

Ila chuo nako watakuhesabia makala ulizochapisha tu, mabaraza uliyokaa na watu hakuna atakaekupandisha cheo kwa ajili yake. We kaa nao tu. Kwetu ukimwi si kama bara, kwa watu wote ni chini ya asilimia 1, umejazana kwa wanaojidunga, wanaouza miili, wanaume wanaolala na wenzao, yani haohao mtaa mzima unaowanong'ona, sasa utawapata vipi kwa kugonga hodi na fomu? Ndo maana zile tafiti za Unguja 2007 walitumia kuponi, mtu anampa mwenzake anaemjua, yule nae anampa wake. Teja humleta teja, daktari hamleti mtu.

Nikiwa kliniki ya ukimwi hapa Chake, Pemba, kulikuwa na mama mmoja wa Wete, anaipita kliniki ya kwao anapanda gari mpaka kwetu, nikabu mpaka machoni, anakaa benchi la mwisho kabisa, akipewa dawa anazimimina kwenye kitambaa anafunga fundo, kopo analiacha palepale, kwa sababu kopo la vidonge linalia mkobani na kwenye gari watu wana masikio. Kule Wete kwenye rejista kaandikwa katoroka dawa! Sasa mtu anakuja na laptop yake, anavuta takwimu, anaandika Wapemba wanaacha dawa, anapata na uprofesa. Angekaa nusu saa na washauri rika angeambiwa.

Na maswali yatoke kwao. Nenda pale hospitali ya Kidongo Chekundu mjini Unguja kwenye methadoni, dawa ya kuwatibu mateja, ipo tangu 2015, dozi unakunywa kila siku mbele ya nesi, waulize wao wanataka kitafitiwe nini. Naona watakwambia nauli, sio mitazamo na uelewa, hizo fomu za mitazamo wamejaza mpaka wamechoka na majibu hawajaletewa hata siku moja. Hiyo sindano mpya ya kujikinga na ukimwi uliyonambia, ya mara mbili kwa mwaka, mie imenifurahisha kwa hilo tu, haina kopo. Lakini usiniandikie kwamba wanawake wa huku wataipenda kabla hujawauliza.

Sheha, yule mkuu wa mtaa, umwendee mapema, si siku ya kuwatoa watu damu. Na ukiandika proposo yako ya utafiti nitumie kwanza yale maswali, kwa Kiswahili, nikawasomee wenzangu wa kliniki, wakisema swali hili halijibiki mbele ya mume au mkwe ulifute, usibishane nao.